Nilimtukana trafiki aliyekataa tumnyanyue mdogo wangu

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu nauandika kwa aibu, na sitaongeza chumvi hata punje.

Jumamosi moja asubuhi mimi na mdogo wangu Masanja tulitoka Kisesa, kila mtu na pikipiki yake, kwenda Buswelu kupaua nyumba ya mama. Yeye mbele, mimi nyuma.

Gari dogo likaingia barabarani bila kuangalia, likampiga ubavuni. Akarushwa, akaangukia mgongo. Paja limechanika, damu inamwagika.

Nikachanganyikiwa kabisa.

Mnajua tulivyo. Ajali ikitokea, mmoja anashika mikono, mwingine miguu, mtu anakunjwa kwenye bajaji, twende. Mama mmoja alishaleta jagi la maji amnyweshe.

Jirani hapo walikuwepo trafiki wawili, mwanamke na mwanaume. Yule mwanamke akaja mbio, akapiga magoti, akamshika Masanja kichwa kwa mikono miwili. Maji akakataa. Kunyanyua akakataa.

Sasa mimi nina mdomo. Nikajua huyu anataka barabara ipimwe kwanza, halafu zianze habari za PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali. Nikamtukana matusi ambayo mods hawataruhusu niandike. Na mikono nilishaipitisha kwapani kwa Masanja, nivute.

Hakupandisha sauti.

"Kaka, ukiivuta shingo hii huenda asitembee tena. Vua shati, kandamiza pajani. Usiachie mpaka nikwambie."

Nikavua, nikakandamiza. Masanja ananiangalia, ananiuliza mbona hasikii miguu. Wakuu, niliogopa sijawahi kuogopa vile.

Damu ikapungua. Tukang'oa ubao wa meza ya muuza nyanya, tukamhamishia juu yake taratibu, afande akihesabu moja, mbili, tatu. Tukampakia kwenye pickup. Kile kichwa hakukiachia mpaka hospitali.

Daktari alikuta mfupa wa shingo una ufa. Akasema aliyemshika ndiye aliyemwokoa. Leo Masanja anatembea na fimbo, ila anatembea.

Baada ya wiki kadhaa nikarudi kuomba radhi. Afande alikuwa mapumziko, nikamkuta yule mwenzake. Nikammwagia sifa, nikasema kweli mmefundishwa. Akacheka kidogo. Akaniambia mafunzo ya huduma ya kwanza alikwenda mwenzake tu, nafasi ilikuwa moja.

Nikamuuliza, je, siku ile angekuwa zamu yeye peke yake?

"Ningekusaidia kumbeba," akasema. "Wewe mabega, mimi miguu."

Nikamuaga, nikawasha pikipiki.

Funzo langu ni hilo: majeruhi asivutwe kama gunia, na askari wa barabarani wafundishwe wote, siyo mmoja. Afande bado sijampata nimwombe radhi, namtafuta.

Mliowahi kumbeba mtu wa ajali mkono na mguu, semeni ukweli, alitembea tena?