Sabuni ya Séphora Ilipohamia Barabarani

Mwaka wa pili wa vita vya pili vya Kongo, njia ya Beni ilifungwa tena, nami nikabaki Butembo na begi moja na mashati mawili. Nilipanga chumba Kimemi, kwa Maliro, dereva wa lori. Maliro mwenyewe sikumkuta. Lori lake lilikwama Kasindi, upande wa pili wa njia ile ile iliyonizuia mimi. Niliyemkuta ni mkewe, Séphora, na pipa lake la sabuni.

Pipa lilikuwa limekatwa nusu na kuwekwa juu ya mafiga, chini ya mti wa avoka, mahali ambapo kijia cha kwenda chemchemini kinapita karibu na ukuta. Humo Séphora alichemsha mawese yaliyoletwa kwa baiskeli kupitia njia za porini. Soda ya kupikia sabuni ilipokosa kuvuka mpaka, alitumia maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kama bibi yake alivyofanya. Mwishoni alitia mchaichai. Sabuni ilitoka ya kahawia, ngumu, naye aliikata kwa waya na kuiuza pale pale kwenye lango.

Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe. Alizaliwa Beni mjini, na yeye na jembe hawakuwahi kupatana. Hilo lilikuwa tatizo, kwa sababu mama mkwe wake, Mama Berthe wa Kayna, upande wa kusini ambako njia haikufungwa, alikuwa amemtunzia jembe tangu siku ya arusi. Lori lililokwama lilimpa Mama Berthe nguvu. Familia ilikubaliana: sabuni ikiweza kulisha nyumba hadi msimu wa kupanda, Séphora abaki mjini, isipoweza, aende Kayna kulima. Kila gari la maharagwe lililotoka huko lilileta ujumbe ule ule: "Jembe yako inakungojea."

Mapato hayakuwa mabaya, ila hayakuwa mengi. Ndipo alipoingia Zorobabel, mdogo wake Maliro, kijana aliyewahi kufika Kampala mara moja na kurudi na miwani myeusi na mawazo.

"Shemeji," alisema, akikataa kuketi ili suruali yake isichafuke, "unajificha huku chini sawa panya. Batu batakuona namna gani?"

"Mais batu banakuya."

"Banani? Bamama ba bidoni ya maji! Mimi nasema juu ya batu bakubwa. Butembo yote inapita kule juu. Biashara inapenda barabara."

"Na sabuni inapenda nini?"

"Inapenda enseigne."

Kibao hicho alikitengenezesha kweli, kwa mchoraji. Ubao mpana wa mninga, rangi ya buluu na njano, maandishi SAVONNERIE MODERNE LA SPLENDEUR, na picha ya mwanamke aliyejaa povu ambaye, kwa heshima zote, alifanana na kondoo. Séphora akapata kichumba kwenye barabara kuu, katikati ya maduka ya vitenge, akapandisha sabuni zake zote. Pipa likapoa chini ya mti wa avoka.

Nimeona masoko ya miji mingi, na sijaona ubao uliosifiwa kama ule. Wafanyabiashara wenye makoti walisimama kuusoma kwa sauti. Wabadilisha fedha waliutumia kuelekezana: "Tukutane pale kwa kondoo." Kila mmoja aliuliza ni nani aliyeuchora. Mchoraji alipata kazi mpya mtaa mzima. Séphora hakupata mnunuzi.

Siku moja askari aliegemeza bunduki mlangoni.

"Mama, pesa ngai sabuni," alisema kwa Lingala, yaani nipe sabuni.

"Uko na franga?"

"Minachunga mji wenu."

"Basi chunga na hii sabuni, isitoke bila franga."

Askari alicheka, akaondoka na kipande cha pembeni kilichovunjika. Alikuwa mtu pekee wiki ile aliyetoka na sabuni.

Sabuni zikakauka kwenye rafu, zikaanza kupasuka. Zorobabel akapendekeza kipaza sauti. Kisha likaja gari la maharagwe, na dereva hakuleta ujumbe wa kawaida. Alisema Mama Berthe hatatuma tena maneno. Anakuja mwenyewe, na jembe mkononi. Séphora hakucheka. Alifunga mlango mapema, akakusanya nguo chafu za nyumba nzima.

"Kama ninaenda kulima," aliniambia, "niende na nguo safi."

Jumamosi ile nilimfuata mtoni na shati langu. Kabla ya misa ya Jumapili, mto wa Kimemi hujaa wanawake kila upande, na mwanaume anayejifulia ni sinema ya bure.

"Papa, pole pole! Utapasua hiyo shati!"

"Muache, bibi yake alimukimbia."

"Alimukimbia juu ya hiyo shati!"

Walipokuwa wakinicheka, Séphora alikuwa amepata nafasi kwenye jiwe kubwa, kati ya wanawake wawili wa mlima wa ng'ambo asiowafahamu. Mmoja aliitwa Léa. Mwingine, Hadjara, alikuwa mke wa msafirishaji, kilemba chake kimefungwa juu kisilowe.

"Léa, niazime sabuni yako kidogo," alisema Hadjara. "Hii ya paketi inaisha mbele ya povu."

"Haiko tena. Nilibakia na kipande sawa kucha. Mama mwenye alikuwa anaipika alipotea."

"Alipotea wapi?"

"Banasema alikimbilia Kampala. Bwana yake alikawia sana Kasindi, donc akaolewa na mukubwa moja wa duane, mutu wa kukagua mizigo."

Séphora aliinua kichwa, mikono yake imezama kwenye povu.

"Mukubwa wa duane? Iko muzuri?"

"Banasema iko na tumbo, mais iko na gari pia."

"Eh, basi alifanya vizuri," alisema Séphora, akijizuia. "Na ninyi, ile sabuni muliijua namna gani?"

"Mimi, hapa hapa, juu ya hili jiwe," alisema Léa. "Hadjara njo aliniazima, ni yeye."

"Mimi niliona mashuka ya jirani kwenye kamba," alisema Hadjara. "Nikamuuliza: yaya, mashuka yako unayafanya nini? Akanipa kipande. Kesho yake nikipandisha bidoni ya maji, nikapita kwenye muti wa avoka, nikasikia moshi na mchaichai. Nikasema: kumbe njo hapa! Nikatuma mutoto wangu aninunulie, mbele hata ya kufika nyumbani."

"Na ile enseigne, kule barabarani? Hamukuiona?"

Hadjara alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini.

"Kule juu mimi ninaenda kufanya nini? Nguo zangu ziko hapa."

Séphora aliosha povu mikononi. Kisha akatoa kipande kizima kutoka kwenye karai lake, akakikata kwa uzi wa kitenge chake, akawagawia.

"Basi mufurahi pamoja nami," alisema. "Mimi njo muke wa duane."

Kelele zilizofuata zilifika kwenye mlima wa pili. Léa alijificha uso kwa shati la mtu. Hadjara alitaka kujua tumbo la yule bwana lilikuwa kubwa kiasi gani.

Jioni ile ile Séphora alimwamuru Zorobabel ateremshe sabuni, rafu na kibao. Moto ukawashwa tena chini ya mti wa avoka, saa ambayo wanawake hupanda na maji. Kila aliyenunua alipewa kipande kidogo cha nyongeza, cha kuazima wengine mtoni. Na kwa kuwa jiwe lilikuwa dogo kwa watu wengi, ubao wa mninga ukalazwa juu ya mawe mawili majini, maandishi juu, uwe wa kufulia.

"Wanafulia juu ya Splendeur yangu!" alilia Zorobabel.

"Angalia vizuri, shemeji. Leo njo iko na kazi."

Wiki ilikuwa haijaisha Mama Berthe alipofika juu ya magunia ya maharagwe, jembe limefungwa kwa kitenge kama mtoto. Aliuliza barabarani. Walimwonyesha kichumba kitupu: mama wa kondoo alihama, labda yuko Kampala. Aliteremka kijiani kwa hasira, na kwa kuwa hakutaka kuingia kwa mwanawe na miguu yenye vumbi, alipitia mtoni kwanza, akaomba sabuni. Léa alimwazima kipande. Mama Berthe alisugua, akanusa, akasugua tena.

"Hii inatoka wapi?"

Walimpandisha kijiani wakiwa kundi zima, mmoja akimbebea jembe. Chini ya mti wa avoka, wanunuzi walikuwa wamezunguka pipa. Séphora alipiga goti, akamsalimu kwa mikono miwili.

"Nilikuya kukuchukua," alisema Mama Berthe.

"Ninajua, mama."

Mama Berthe alitazama pipa, waya, watu.

"Simama. Yule mwenye bidoni ya njano alifika mbele ya huyu. Ju ya nini hamupange mustari?"

Akaupanga mwenyewe, hadi giza. Aliporudi Kayna alichukua kikapu cha sabuni, pamoja na vipande vya kuazima. Jembe alilisahau, au alisema amelisahau. Séphora alilitumia kuvutia majivu chini ya pipa, na alikuwa analishika vibaya.

Gari lililofuata la maharagwe lilileta ujumbe mpya. Dereva aliukariri akiwa amesimama juu ya magunia: "Wasingya, aksanti. Tuma sabuni ingine, chemchemi yote ya hapa inaulizia. Na jembe, bakia nayo."