Nilifumua Kipande Chekundu cha Wifi Yangu

Msinihurumie. Mkosa ni mimi, na mkimaliza kunisoma mtaniita majina. Niiteni tu, hata mimi nimeshajiita yote.

Tunakaa Parklands, chumba cha nyuma, kwa tajiri ambaye mume wangu ni mpishi wake. Dada yake mume wangu alikuja kukaa nasi, nitamwita Rasoa. Binti yake mdogo, Elima, alikuwa amefia hapa Nairobi kwa ugonjwa wa kuambukiza, akazikwa hapa hapa, maana hatukuruhusiwa kumsafirisha. Na kwetu Bunyore mtoto halazwi ugenini. Basi Rasoa akawa mtu wa kimya. Anaokota vipande vya nguo kwa fundi wa cherehani huko mjini, anarudi, anashona kwa mkono.

Alikuwa anashona picha ya kwao. Mawe ya kilima ni suti ya kijivu, mto ni bitana ya bluu, mashamba ni kaki na kijani. Nami nilimcheka! Mimi msomi wa ushonaji, niliyefundishwa na bibi mmoja wa Kizungu kwamba mshono mzuri ni ule usioonekana. Nilijiona fundi wa mafundi. Kumbe bure kabisa.

Kando ya nyumba kwenye hiyo picha alikuwa amebandika kipande chekundu kilichochakaa, kwa uzi mnene mweusi kama wa kufungia gunia. Si ua, si kuku. Mimi nikaona uchafu tu, wala sikuuliza.

Yule bibi wa Kizungu akatuambia sisi wanafunzi wake tulete kazi za mikono, watu waje kutazama. Nikamwomba Rasoa picha yake, akanipa. Lakini ningeipelekaje na lile doa? Nikafumua kile chekundu, nikakitupa kwenye jiko la makaa, na mahali pake nikashona mnazi. Mnazi, Bunyore! Nani aliwahi kuuona huko? Lakini bibi alipenda minazi, na mimi nilipenda kupendwa na bibi.

Wakausifu huo mnazi, wajinga wenzangu. Nikarudi Parklands nimevimba kichwa, nikamkabidhi Rasoa picha yake. Akaitazama.

"Ile nyekundu ilienda wapi?"

Nikamwambia nimeondoa takataka nikachoma, na anishukuru.

Hakulia. Aliketi sakafuni, akawa anapapasa ule mnazi wangu kwa kidole.

"Hiyo ilikuwa mfuko ya gauni ya Elima," akasema. "Nguo zingine zote zilichomwa hospitali. Nilikuwa nimemweka karibu na nyumba ya mama, nimpeleke azikwe."

Ndiyo sababu ya ule uzi mnene, asidondoke njiani. Na mimi na elimu yangu ya mshono usioonekana!

Akafunga nguo zake, picha akaniachia. Mume wangu alimsindikiza stesheni, na tangu arudi haniongeleshi ila habari za chumvi na mafuta ya taa. Nyumba ni ya watu wawili na inasikika kama haina mtu.

Huko nyumbani mama mkwe alikuwa ameshachimbisha kaburi dogo, kwa kuwa Rasoa alikuwa ametuma habari kwamba anamleta mtoto. Alipofika mikono mitupu wakakata kipande cha mgomba, wakakizika, jinsi wanavyozikiwa watu waliopotea wasipatikane. Watu wakamlilia mgomba.

Ninyi mnaojua kushona na kusoma na kusahihisha wenzenu, sikieni. Ukiona kazi ya mtu ina doa, muulize, "Hii ni nini?" Maneno hayo yalinishinda mimi mwenye mdomo mrefu. Wanasema Elima alipotea? Hakupotea. Nilikuwa naye mkononi, nikamtupa jikoni.