Fundi Werema na Msemaji Wake

Fundi Werema anachomelea mageti hapa Nyakato, mlango wa pili kutoka kibanda changu cha chakula. Ukimsikia anavyojisifu utadhani Musoma nzima ililala milango wazi mpaka alipozaliwa yeye. Chuma anakijua, hilo simnyimi. Kuongea pia anajua, isipokuwa pale jambo linapomhusu mwenyewe. Hapo hutafuta mtu wa kumsemea. Alipoposa, aliyesema ni baba yake mdogo, Mzee Keraryo. Alipogombana na mwenye kiwanja, aliyesema ni Mzee Keraryo. Kwetu si ajabu. Mwenye kosa hunyamaza, mkubwa wake akasimama. Lakini Werema aliuzoea utaratibu huo kupita kiasi.

Halafu akampiga mkewe, Gati. Ilikuwa mchana, nakaanga sato. Gati alitoka amefunika jicho kwa khanga, nikaepua karai nikampeleka hospitali, kisha polisi, dawati la jinsia. Majirani wengine wakasema Mama Robi amevunja nyumba ya watu. Niliwajibu kwamba nyumba niliikuta imeshavunjika, mimi nilibeba majeruhi tu. Siku ile sikucheka, wala sicheki nikiikumbuka. Gati akaenda kukaa kwa kaka yake Yusto, huko Buswahili, nyuma ya geti ambalo Werema mwenyewe alilitengeneza na kulisifia kwamba hata tembo haingii.

Mahakama ilimtia hatiani, ikampa huduma kwa jamii badala ya kumfunga: afagie zahanati. Alifagia vizuri, tena kwa maringo, mpaka kipande cha chuma kilipomwangukia mguuni akiwa karakanani. Ndipo hakimu akakubali amalizie kwa simu. Azungumze kwa video na vikundi vya wanaume wa Bunda mjini na Guta, aeleze alichomfanyia mkewe, wenzake wajifunze. Asipofanya, atarudi mbele ya hakimu, na gerezani nafasi haikosekani.

Werema akafurahi. "Mama Robi, hii ni rahisi kuliko ufagio," aliniambia. "Nikimaliza tu, Gati anarudi."

Karakanani kwake mtandao unasuasua, kwa hiyo alikuja kwangu, akaegemeza simu kwenye birika la chai. Siku ya kwanza alivaa koti. Pembeni akamkalisha Mzee Keraryo, naye na koti, na kofia juu.

Afisa aliyemsimamia, Dorkas, alikuwa Bunda pamoja na wanaume wa kikundi. Akasema, "Karibu Werema, wenzako wanakusikiliza."

Mzee Keraryo akakohoa, akasimama, kwenye simu ukabaki mkanda wa suruali. "Wana wa Bunda," akaanza, "huyu kijana wetu..."

"Shikamoo mzee," Dorkas akamkatiza taratibu. "Ni wewe uliyehukumiwa?"

"Marahaba. Hapana mwanangu, mimi ni baba yake mdogo. Sisi tunawasemeaga vijana."

"Kaa, mzee wangu, upumzike. Werema, sema."

Werema akavuta pumzi. "Madam, siku ile ni shetani tu alipita."

"Haya. Basi mlete huyo shetani amalizie adhabu yake, wewe ukapumzike."

Wanaume wa Bunda walicheka mpaka simu ikakwaruza. Dorkas hakucheka. Alisema siku hiyo haihesabiki, na ikitokea tena atamrudisha kwa hakimu. Werema akazima simu, akabaki anaangalia chai. Nilimwongezea sukari, kwa sababu roho yangu si mbaya, nikamwuliza, "Ukitaka kuongezewa mboga hapa, mbona humwitaga Mzee Keraryo?"

Akainywa chai yake, akaondoka akichechemea.

Wiki iliyofuata alikuja peke yake, bila koti. Safari hii walikuwa wakulima wa pamba wa Guta, wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa. Werema alianza na mvua. Akaulizia pamba, akaulizia ng'ombe, akawapa pole ya jua. Dorkas akamwacha tu. Salamu zikamwishia.

"Nilimpiga mke wangu," akasema. "Nilikuwa na hasira na mteja aliyekataa geti. Nikafika nyumbani, Gati akaniuliza mbona nimechelewa kula. Nikampiga ngumi ya jicho. Hakunikosea kitu. Akaanguka kwenye ndoo, maji yakamwagika yote. Na mimi nikakaa, nikala."

Kule Guta hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, nikaona aibu kwa ajili yake, na huruma pia, siwezi kuficha. Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma akauliza, "Na hilo jicho linaona?"

"Sijui," Werema akasema. "Sijawahi kumuuliza."

Aliendelea kuongea na vikundi hivyo, kila mara peke yake, mpaka Dorkas akamwambia amemaliza. Gati alipotumiwa ujumbe alikubali Werema afike Buswahili, kwa sharti kwamba na mimi niwepo. Nikafunga kibanda. Asubuhi namkuta Werema yuko tayari, amevaa koti, na Mzee Keraryo amesimama pembeni ameshika kamba ya mbuzi. Mazoea yana taabu.

Gati alikuja mpaka kwenye geti, hakulifungua. Mzee Keraryo akavua kofia. "Mwanangu, tumekuja," akaanza, "kijana wetu huyu..."

"Shikamoo baba. Pole na safari," Gati akasema kupitia nondo. "Ila mimi nilipopigwa wewe hukuwepo. Aliyekuwepo ni huyu. Aseme yeye."

Mzee Keraryo akakaa kwenye jiwe, na naapa alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mbuzi naye akaanza kula maua ya Yusto.

Werema akasogea akichechemea. Nilidhani ataanza na mvua.

"Gati," akasema, "jicho linaona?"

"Linaona. Ila nikichambuaga mchele linatoa machozi."

"Nilikupiga bila kosa."

"Najua. Nilikuwepo."

Werema alianza kulia, bila sauti. Mimi nikamwangalia mbuzi, maana na mimi nilikuwa karibu kulia.

"Sirudi," Gati akasema. "Sijui kama nitarudi. Ila hili geti lako linakwama, kila asubuhi Yusto analisukumaga kwa bega. Njoo Jumamosi ulitengeneze. Uje peke yako."

Mageti yote ambayo Werema amewahi kutengeneza, hajawahi kukubali kwamba hata moja lina kasoro. Nilimgeukia, nikingoja aseme kosa ni la bawaba za dukani, au la Yusto, au la shetani aliyepita.

"Nililipima vibaya," akasema.

Akalivua lile koti, akampa Mzee Keraryo alishike, akainama kuangalia bawaba.