Ng'ombe wa Shilingi Mbili

Nitasema wazi tangu mwanzo: wifi yangu nilimwonea wivu. Tena si kidogo. Wivu wa kumwangalia mtu anakunywa maji ukatamani yampalie. Alikuwa dada wa mume wangu, ameachika huko Manyoni akarudi kwao, karibu na Ikungi. Alinikuta mimi nimeshaolewa pale, msichana wa Iramba niliyetoka upande wa Sekenke na sanduku moja la nguo. Kwetu mama yangu alinifundisha kufinyanga ng'ombe wa udongo, wale wa kuweka mezani watu wakatazama. Ndicho kitu pekee nilichojua kwamba nakiweza kuliko wenzangu. Kumbe wifi naye anafinyanga.

Aliniita "mke wangu", kama wanavyoitana kwao. Mke wa kaka yake ni mke wake pia, kwa utani na kwa kazi. "Mke wangu, maji yako wapi?" "Mke wangu, leo hatuli?" Mama mkwe anacheka. Wakianza Kinyaturu chao cha haraka, mimi nabaki kuokoteza neno hapa na pale, nikiamini kila kicheko kinanihusu. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: binti aliyerudi kwao hagusi jiwe la kusagia maadamu kuna mkamwana ndani. Basi nilisaga uwele alfajiri, nikaenda shamba la kijiji, nikarudi nikachota maji, nikapika. Mwanga uliobaki ndio ulikuwa wa udongo wangu. Wifi akitoka shambani ananawa mikono, anakaa kivulini mwa tembe, anafinyanga.

Na anafinyanga vizuri, jamani! Hapo ndipo roho iliponiuma. Ng'ombe wake walikuwa na nundu unayotaka kuishika na tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Pembe alizifanya fupi, zimelala kichwani, hivyo hazimsumbui kwa kukatika. Zangu nilizifanya ndefu, zimepanda juu, kama ng'ombe wa kweli.

Siku hizo tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Kuna mnunuzi, akasema, wa duka la kazi za mikono mjini Singida, anataka ng'ombe wa udongo kila mwezi. Fedha nusu itakuwa ya kijiji, nusu ya mfinyanzi. Na huyo mfinyanzi ataachiwa kazi ya shamba la kijiji, afinyange tu.

"Mmoja tu, ndugu zangu," akasema mwenyekiti.

Kuamka asubuhi nisishike jembe, nikae na udongo mpaka jioni! Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile. Nilimtazama wifi pembeni, naye ananitazama. Hatukusemeshana siku nzima.

Mnunuzi akaja, bwana mmoja wa kaptula na soksi ndefu. Akasema kila mmoja alete ng'ombe mmoja na ataje bei. Mimi nikaanza.

"Shilingi tano."

Yule bwana akacheka. "Tano? Mama, udongo si mnaokota bure?"

Lo! Damu ikanichemka. "Bure? Nenda kauchimbe mwenyewe kule mbugani, uubebe kichwani mpaka hapa. Uutwange, uutoe vijiwe. Ukishafinyanga umkaushe ndani polepole, maana jua likimwahi anapasuka. Samadi ya kumchomea ukaombe kwa mwenye zizi, naye atakwambia ni ya shamba la kijiji. Ukimchoma, pembe inakatika motoni. Unaanza upya. Huyu mzima unayemwona ameacha wenzake vigae kwenye majivu, na wote hao nimewafanyia kazi. Sasa hao nani atawalipia?"

Watu wakatazamana. Nikajua nimesema sana. Mwanamke mgeni, tena mbele ya mkwe.

Wifi akajifanya hamnazo. Akamweka ng'ombe wake mezani taratibu. "Mimi shilingi mbili tu, ndugu. Ni udongo."

Makofi! Walimpigia makofi kama ameleta mvua. Mama mkwe akapiga vigelegele. Nafasi akapewa yeye, siku ileile.

Toka hapo nilikuwa nasaga kwa hasira. Asubuhi mimi najifunga khanga niende shamba, yeye amekaa, miguu ameinyoosha, udongo mbele yake. "Mke wangu, ukirudi uniletee maji ya kulowekea." Nami namletea. Mume wangu nikimwambia, ananijibu, "Ni dada yangu, nimfanyeje?" Usiniulize kama nililia. Kilichonitesa hasa ni ile bei. Udongo tunachimba shimo moja, samadi tunaomba zizi moja, na wa kwake wanapasuka pia, nimeona vigae. Shilingi mbili anaziwezaje? Nikaamua ananikomoa tu. Anakula hasara ili mimi nionekane mroho.

Nikawa mjamzito. Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwa mama, nikaenda Iramba, nikakaa huko mpaka mtoto alipokaza shingo.

Niliporudi, mama mkwe alimpokea mtoto mikononi, akamtemea mate ya baraka. Hata salamu haijaisha, mume wangu akanipa habari. Mnunuzi alikuja akakuta ng'ombe wachache sana. Na wifi akamwambia bei sasa ni shilingi tano. Bwana wa watu akakasirika, akasema siku ya mnada atarudi kuchagua upya kati yetu wawili.

Tano! Bei yangu! Sikukaa hata kwenye kigoda. Nilimfuata nyuma ya nyumba.

"Wifi, mbona umechukua bei yangu? Si ulisema ni udongo tu?"

Akanionyesha viganja. Vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka.

"Ulivyoondoka mawe ya kusagia yakanihamia," akasema. "Maji yakanihamia. Kuni zikanihamia. Mama mgongo wake unaujua. Nikifika kwenye udongo jua limezama. Wa shilingi mbili simwezi tena."

Kumbe! Hakuwa akinikomoa. Hakula hasara hata siku moja. Hasara nilikuwa naila mimi. Ile bei ndogo iliyopigiwa makofi, mgongo wangu ndio ulioibeba. Mimi ndiye niliyemsagia, nikamchotea maji ya kulowekea udongo wa kunishinda. Na nafasi akaipata yeye!

"Shilingi tatu zilizobaki zilikuwa mimi," nikamwambia. "Na ukapigiwa makofi."

"Ningejuaje?" akasema. "Unga nilikuwa naukuta umesagwa."

Alisema hivyo hivyo, bila kunidhihaki. Ningependa anidhihaki, ningekuwa na la kumjibu.

Siku ya mnada mnunuzi akaja. Akasikia tano kwangu, akasikia tano kwa wifi. Akaguna. Akawageuza ng'ombe juu chini, akawagonga kwa kidole kusikia kama wameiva, akawarudisha mezani. Mwisho akashika pembe ndefu za wa kwangu. "Kama bei ni hiyo hiyo, nipeni huyu. Mjini wanapenda pembe."

Nafasi ikawa yangu. Makofi hayakuwa mengi. Wifi alimchukua ng'ombe wake, akamfunga kwenye khanga, akaniambia, "Haya, mke wangu, hongera." Akalichukua jembe langu pale lilipoegemea.

Kesho yake asubuhi nilikaa kivulini, miguu nimeinyoosha, mtoto kando, udongo mbele yangu. Ndani nikasikia jiwe, wifi anasaga. Mama mkwe alikuwa ametoa neno: mwenye kazi ya kijiji asisage, asage mwingine. Mtu mmoja akaniuliza kama sasa nitashusha bei, maana nina msaada. Nikamwambia thubutu. Huyo msaada ana viganja, na viganja vyake vimo kwenye tano.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi mpaka jioni, wifi alipopakua ugali. Nilimega tonge nikalisikia mdomoni, laini, hakuna hata punje ya mchanga wa jiwe. Wangu haukuwahi kuwa hivyo. Na mama mkwe, ambaye siku zote nilizomsagia alikula akanyamaza, alimsogezea wifi sahani yake akasema, "Niongeze, mwanangu."