Koti la Mlezi

Kwa miaka minne mlezi alimbeba sokwe yatima mgongoni na kumnywesha maziwa kwa chupa. Alipostaafu, alirudi siku moja hifadhini kumtazama, amevaa koti lake la kazi.

"Karibu, mgeni!" mlinzi wa lango alimtania. "Lakini koti livue, Mama. Akinusa harufu yako atawaacha wenzake aje kulia uzioni. Wameanza kumzoea juzi tu."

"Nikimwita mara moja je?"

"Si wewe uliyetufundisha tusiwaite?"

Alicheka, akalivua. Sokwe alikuwa ameketi, jike mmoja akimchambua manyoya. Hakugeuka. Mlezi alijiziba mdomo kwa kiganja mpaka walipotokomea vichakani.

Nyumbani, alikoishi peke yake, alilitundika koti nyuma ya mlango bila kulifua.