Mkaguzi wa Mbwa wa Ihumwa

Mkaguzi wa Ihumwa, anayesema mbwa dume yupi anafaa kuzalisha, hamwangalii mbwa kwanza. Ananiamkia shikamoo, halafu anauacha mkono wake mnene, wenye kovu la meno kwenye kidole gumba, uning'inie mpaka mbwa aje mwenyewe kuunusa. Nyonga anazipapasa taratibu, kama anayetafuta sindano iliyopotea kwenye godoro. Mwisho anaangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya mbwa. Mgambo wangu, mbwa wa Kijerumani hasa, nilitaka aache watoto kabla hajazeeka. Mfuniko ulipolia akajikojolea.

"Huo woga ni wa damu, bibi," akasema kwa sauti ya msibani.

"Damu gani? Nikikuangushia wewe, utacheka?"

Hakucheka. Akaomba karatasi ya ukoo, ile ninayomwonyesha kila mgeni na kuisoma sijui. Akapitisha kidole kwenye majina, kikasimama.

"Baba yake na mama yake ni tumbo moja. Huyu hafai kuzalisha."

Sisi Wagogo hata wa ukoo mmoja hatuoani, sembuse tumbo. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, polepole, na kidole kikasimama palepale.