Mhakiki wa Duka la Dawa za Ng'ombe

Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, hukuweza kuingia duka la dawa za mifugo pale Kitengela ukatoka na dawa ya kupe peke yake. Soipan, aliyekuwa muuzaji, angekufungia na kitabu juu yake. Vitabu vyenyewe hakuwa navyo, viliuzwa mlango wa pili kwa Kiragu. Yeye alikuwa na habari za vitabu hivyo tu, lakini habari hizo! Mwanamke huyu hakujua kusoma kitu kizuri kisha akanyamaza. Kilimwasha ulimi mpaka akitoe.

Na alikitoa kwa namna ya kwao. Wamaasai wakikutana hawarushiani salamu kama watu wanaokimbizwa. Mwenye habari huanza kwa kumtuliza mwenzake: hakuna neno baya, watu ni wazima, ng'ombe ni wazima. Msikilizaji huitikia "ee" kila hatua. Halafu "ila" huingia, na ikishaingia, habari hutolewa yote, kichwa hadi mkia. Hivyo ndivyo Soipan alivyohakiki vitabu, huku akipima dawa.

"Takwenya, Soipan," mzee Metito angemsalimu kwa Kimaasai akiegemea kaunta.

"Iko, mzee."

"Lete habari."

"Hakuna neno baya. Kuna kijana mmoja huko Kitui, yeye ni mzima, mamake ni mzima. Ila huyo kijana ameandikiwa barua na msichana hamjui..."

Metito angeitikia mpaka mwisho, na ng'ombe wake wangoje dawa. Alikuwa mteja mwema huyu mzee, mcheshi, ila usimtajie ndugu yake. Tangu shamba la baba yao ligawanywe na fensi kupigwa katikati, bwawa likabaki upande wa Metito na ndugu yake akabaki na hasira. Hawakusemezana tena. Kitengela nzima ilijua, na Kitengela nzima ilikwepa habari hiyo.

Basi siku moja mwaka 2001, Kiragu akamleta dukani mgeni kutoka Nairobi. Aliitwa Naliaka, mhariri wa jarida dogo la waandishi, na alikuwa amechoka kuambiwa na Kiragu kwamba wateja wanaitisha vitabu "vile Soipan alisema."

"Niko na ukurasa wazi," Naliaka akamwambia. "Uhakiki wa vitabu na maonyesho, kila toleo. Jumamosi tunafanya maonyesho ya kazi za mwandishi Masila hapa kwa ukumbi wa kanisa. Kuja uhakiki kitabu chake mbele ya watu, nikusikie. Lakini sharti ni moja: mwisho usiuguse. Ukimwaga mtama, nani atanunua?"

"Siugusi!" Soipan akasema, na mara tu mgeni alipotoka akarukaruka katikati ya magunia ya chumvi. Ukurasa wake mwenyewe! Jina lake limepigwa chapa! Siku zilizobaki aliuza dawa ya minyoo kwa waliotaka ya kupe, na hakuna aliyemkasirikia, maana uso wake ulikuwa unameremeta.

Jumamosi ilifika, ukumbi ukajaa. Masila, Mkamba mpole aliyekulia upande wa Kisaju, alikuwa ametundika miswada yake kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kando palikuwa na taipureta yake iliyopungukiwa herufi moja. Soipan aliifuata ile kamba pua ikikaribia kugusa karatasi. Mstari umeandikwa, umekatwa, umerudishwa, umekatwa tena! Alijikuta anacheka peke yake kwa furaha.

Alipoitwa mbele alianzia hapo hapo. "Nyinyi mnafikiria kitabu huanguka kutoka mbinguni, kujeni kwa hii kamba muone jasho ya mtu. Kuna ukurasa hapa amekata mpaka karatasi imetoboka!" Watu wakacheka, Masila akainamisha kichwa kwa haya. Soipan akaingia kwenye kitabu chenyewe.

"Hakuna neno baya," alianza.

"Ee," ukumbi ukaitikia.

"Kuna mama anaitwa Katee. Yeye ni mzima. Amechimba kisima, maji iko. Shemeji yake anakaa ng'ambo ya fensi, pia yeye ni mzima. Ila waligombana, na Katee akafunga geti."

"Ee."

Akawapeleka katika ukame. Akawaonyesha ng'ombe wa shemeji wamesimama kwenye fensi, wananusa maji wasiyoweza kuyafikia. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa haujamtoka mtu yeyote mle ndani, na "ee" zao zilizidi kuwa nzito. "Asubuhi moja Katee akaamka, akachukua ufunguo, akatembea mpaka getini." Hapo Soipan akavuta pumzi. "Hayo mengine mtasoma wenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Metito alisimama, uso umembadilika.

"Soipan. Ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mzee. Ni kitabu."

"Kama hakuna mtu amekufa, unaficha nini?"

"Ni boma gani hiyo?" mama mmoja akadakia. "Ni ya huku kwetu?"

Minong'ono ikasambaa. Kiragu alianza kucheka, akaona nyuso za watu, akaacha. Ndipo Soipan alipoelewa alichokifanya. Kwao habari hukatwa katikati pale tu inapobeba msiba, na yeye, kwa tamaa ya ukurasa, alikuwa amewakatia wazee wake habari. Akamtazama Naliaka. Naliaka akatikisa kichwa: usithubutu. Moyo ulimuuma Soipan, kwa kuwa aliutaka ukurasa ule kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Lakini wale watu walikuwa wamesimama, wanangoja.

"Alifungua geti," akasema. "Akaita. Hakuna ng'ombe alikuja. Wa mwisho alikuwa ameuzwa jana yake jioni. Shemeji alikuja peke yake, na jerikeni."

"Eee," ukumbi ukaitikia kwa sauti ya chini, na Masila akavua miwani akaipangusa. Naliaka alikuwa amefunga faili yake.

Metito alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya vitabu ya Kiragu. "Nipatie moja."

Naliaka hakuweza kujizuia. "Lakini mzee, si umeshajua mwisho?"

"Nimejua alichelewa. Sasa nataka kujua ni nini ilimchelewesha."

Nyuma yake wakasimama wengine, na wengine. Kiragu alitoka mbio kwenda dukani kuleta katoni nyingine, kofia ikimwanguka njiani asirudi kuiokota. Naliaka alitazama foleni ile mpaka akaanza kucheka.

"Haya, Soipan, ukurasa ni wako," alisema. "Na uandike hivyo hivyo, na mkia wake!"

Soipan alimkumbatia mhariri, akamkumbatia Masila, nusura aikumbatie na taipureta.

Toleo lenye ukurasa wake wa kwanza lilipotoka, alilibandika ukutani kati ya mabango ya dawa. Alikuwa bado analitazama Metito alipoingia.

"Lete habari, mzee," Soipan akasema, akichukua kipimio.

"Hakuna neno baya. Mimi niko mzima. Ng'ombe ni wazima."

"Ee."

"Kile kitabu nimemaliza. Nilisoma polepole."

"Ee."

"Ndugu yangu ni mzima."

Soipan akaweka kipimio chini. "Ee."

"Ng'ombe wake pia. Nimewaona leo asubuhi, wakikunywa kwangu."